Kokwa haiokoi parachichi

"Nimekula parachichi tamu ajabu, nimetunza kokwa. Nielekeze namna ya kuipanda ili aina hii isipotee." Ombi hili nimelisikia hadi limenichosha. Aina hiyo huiokoi kwa kokwa.

Kokwa ina mama, na ina baba pia: chavua mara nyingi imetoka mti mwingine. Mche utakaoota utazaa tunda la kwake, pengine dogo lenye nyuzi, na utasubiri miaka 5, wakati mwingine zaidi ya 10, ndipo ulijue. Itazame Hass, aina ya parachichi inayojulikana sana. Mti mama ulikuwa mmoja, ulioota katika shamba la Rudolph Hass huko California na kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1935. Kila Hass inayoliwa leo imetokana na vikonyo (vijitawi vya kupandikiza) vya mti huo, kizazi baada ya kizazi. Mama mwenyewe alioza mizizi, akakatwa mwaka 2002. Aina haikutikisika, kwa kuwa ilikwishabebeshwa, yaani kupandikizwa juu ya miche mingine, kila mahali. Basi leta kikonyo, tena mti ungali na nguvu. Ukiniita umeshakauka, sina la kufanya. Wapo watakaonitajia machungwa na baadhi ya maembe, ambayo mbegu moja hutoa miche kadhaa inayofanana na mama. Ni kweli, ila parachichi halimo.

Wala benki ya mbegu haitakusaidia hapa. Ghala la mbegu la Svalbard, visiwa vya Norway, lililofunguliwa mwaka 2008, hutunza mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini zile zinazovumilia kukaushwa. Kokwa ya parachichi ikikauka imekufa.

Nasikia na mengine kuhusu mbegu. "Boga langu halina ladha, limechavushwa na tango la jirani." Boga na tango havizaani. Hata maboga yanayozaana hayabadilishi nyama ya tunda la msimu huu. Mchanganyiko utauona ukipanda mbegu zake. Mahindi ndiyo huumbuka papo hapo, maana punje yenyewe ni mbegu.

"Chotara ni GMO, tena mbegu zake ni tasa." Hapana, mara mbili. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochavushwa kwa makusudi, si mmea uliobadilishwa vinasaba maabara (GMO), na mbegu zake kwa kawaida huota. Watoto tu ndio hawafanani.

"Mbegu za asili haziugui." Zinaugua! Nyanya nyingi za zamani hunyauka kwa fusari, ugonjwa wa kuvu, pale chotara zimesimama.

Na jamani, acheni kula matunda mazuri yote kisha mbegu mkatoa kwenye mabaki yaliyodumaa. Lifungeni uzi tunda la mmea bora, liwe alama ya mbegu, kabla jikoni hawajaliona.