Je, wajua? Ford Model T lina pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta

Ukifika makumbusho ya The Henry Ford kule Dearborn, Michigan, chungulia sakafu ya Ford Model T. Utaona pedali tatu, na kila anayejua gari la manyuali hujijibu papo hapo: klachi, breki, mafuta. Sivyo. Mwenye mazoea hayo atakanyaga ya kushoto hadi chini ili gari litulie, nalo ndipo litakapoondoka. Akikanyaga ya kulia aongeze mwendo, litasimama.

Pedali ya kushoto ikizama hadi mwisho ni gia nzito (ya mwendo mdogo), ikiwa katikati ni nyutro, ikiachiwa kabisa ni gia nyepesi (ya mwendo mkubwa). Kupanda mlima mrefu kwa gia nzito ni kukandamiza mguu mpaka kileleni. Ya kati ni rivasi, ya kulia ni breki. Mafuta yako mkononi: kijiti cha kulia chini ya usukani. Cha kushoto huwahisha au kuchelewesha moto wa plagi, na lazima uwe umecheleweshwa kabla ya kupiga hendeli, yaani mkono wa chuma wa kuzungushia injini iwake, la sivyo hendeli hurudi kwa kishindo na kuvunja mkono.

Gari hili lilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na wanunuzi wengi hawakuwahi kuendesha chochote chenye injini. Giaboksi za wakati huo zilikwaruza meno kila dereva alipokosea. Ford akachagua gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka ya katikati, ambazo meno yake hayaachani kamwe.

Flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, imebeba vishikizo vitatu, kila kimoja na gia tatu zilizoungana. Hizo zinauma gia za katikati: moja imeunganishwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nyingine mbili na ngoma mbili. Kila ngoma imezungushiwa mkanda, na pedali huukaza kama mshipi kiunoni. Gia ya ngoma ya mwendo mdogo ina meno 21, inayoumana nayo 33. Ngoma ikizuiwa, kila mzunguko wa flaiwili hupoteza 21/33 na kubakiza 12/33, ndiyo maana injini huzunguka mara 2.75 ili shafti izunguke mara moja. Kwenye rivasi ni 30 kwa 24. Kinachopotea ni kikubwa kuliko mzunguko wenyewe, kwa hiyo kinachobaki ni robo, tena kinyumenyume. Hakuna gia iliyohamishwa.

Wengi husema magari haya yalipanda milima kinyumenyume kwa sababu tangi liko chini ya kiti na petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hivyo gari likipanda kwa mbele injini huwa juu ya tangi na petroli haifiki. Ni kweli, ila nusu: rivasi ya 4 kwa 1 ina nguvu kuliko gia nzito. Na baadhi ya miundo kuanzia 1926 ilihamishiwa tangi mbele, karibu na kioo, kwa hiyo sababu ya petroli haihusu kila Model T.

Mikanda hiyo ilivikwa pamba na huoga oili ya injini. Ikichakaa, pedali hugusa sakafu kabla haijashika, na nyuzi zake huziba bomba la oili. Asubuhi ya baridi oili nzito hugandisha sahani za klachi, ambayo imo ndani ya giaboksi na huunganisha injini na shafti kwenye gia nyepesi, na gari likiwashwa humsogelea aliyepiga hendeli. Dawa ya zamani ni kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, kuzuia mengine kwa vigingi, ndipo uzungushe.