Moyo Laini Hautoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kusomea Uuguzi

Dhana: Ukiwa na huruma, mengine yatakuja yenyewe.

Hayaji. Mwanafunzi mwenye moyo laini asiyejua hesabu za dawa ni hatari kwa mgonjwa yule yule anayemhurumia. Chukua dripu ya mililita 1,000 inayotakiwa kuisha kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, kisha gawanya kwa dakika 480: unapata karibu matone 42 kwa dakika. Aliyesahau kugeuza saa kuwa dakika atapata 2,500, na namba hiyo peke yake ilipaswa kumshtua, maana hakuna anayeweza kuhesabu matone yanayokwenda kasi hiyo. Nukta nayo ina madhara yake. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0. Nukta isipoonekana, mgonjwa anapewa dozi mara kumi.

Hata Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ambaye wengi wanamkumbuka tu kwa taa aliyopita nayo usiku akikagua wagonjwa, alikuwa mtu wa takwimu. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London, miaka 2 kabla ya shule yake ya uuguzi kufunguliwa katika hospitali ya St Thomas'. Kwa hiyo kabla ya kuomba nafasi, rudia baiolojia, kemia na hesabu za sehemu na uwiano.

Dhana: Barua ya maombi ni ya kueleza unavyopenda kusaidia watu.

Kila mwombaji anaandika hivyo. Andika tendo: ulimhudumia nani, uliona nini, ukafanya nini. "Nilimlisha mgonjwa" haisemi kitu. "Aligoma kula, nikagundua meno ya bandia yanamchubua, nikamjulisha muuguzi" inaonyesha mtu anayetazama. Jina la mgonjwa usilitaje, kwa sababu siri ya mgonjwa inaanzia kwenye barua hiyo.

Kwenye usaili jiandae kwa swali kama hili: mgonjwa mwenye akili timamu amekataa dawa, utafanyaje? Wengi hujibu, "Nitambembeleza." Jibu lenye uzito lina hatua. Unamuuliza sababu, huenda inamtia kichefuchefu au hajui ni ya nini. Unamweleza faida yake na madhara ya kuiacha. Akishikilia msimamo, unauheshimu, unamjulisha msimamizi wa zamu na kuandika kwenye chati. Kumfichia kidonge ndani ya chakula ni kumdanganya, hata ukiwa na nia njema.

Dhana: Ukishapata barua ya kukubaliwa, umemaliza.

Bado chanjo. Ile ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kisha damu hupimwa mwezi 1 hadi 2 baadaye kuona kama kinga imejengeka. Anayeanza wiki ya kufungua shule anaweza kujikuta wenzake wako wodini naye anasubiri.

Dhana: Anayezimia akiona damu hafai.

Huzimia kwa sababu mapigo ya moyo na shinikizo la damu vimeshuka ghafla, na hilo lina mazoezi yake. Kaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, legeza sekunde 20 hadi 30, rudia mara 5. Kula kabla ya zamu, usisimame umekaza magoti, na ukisikia kizunguzungu keti mara moja.

Dhana: Huruma ni kusema "pole, utapona".

Ahadi hiyo huna mamlaka ya kuitoa. Na huruma ya muuguzi mara nyingi haisemwi kabisa, iko mikononi. Tazama kazi ambayo wanafunzi huidharau, kumwogesha mgonjwa kitandani. Unavuta pazia kwanza. Unapima joto la maji na kumwuliza kama linamfaa. Unafunua sehemu moja tu kwa wakati, unaiosha, unaikausha, unaifunika, ndipo unahamia nyingine. Macho huoshwa kwa maji matupu bila sabuni, kutoka pembe ya puani kwenda nje, na kila jicho kwa sehemu safi ya kitambaa.

Huku ukiosha, unakagua visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ngozi iliyobadilika rangi na isiyofifia ukiibonyeza kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi badiliko hilo la rangi linaweza lisionekane, kwa hiyo gusa: pana joto, pagumu au panauma kuliko pembeni yake? Anayekagua kwa macho tu hukigundua kidonda kimeshafunguka.

Dhana: Anayecheka au kulala hana maumivu.

Muuguzi wa Marekani Margo McCaffery alifundisha tangu 1968 kwamba maumivu ni vile anavyosema mwenye nayo. Mtu hucheka na wageni wake huku akiumia, na uchovu humlaza. Muulize akupe namba kati ya 0 na 10, mpe dawa iliyoandikwa, kisha rudi umwulize tena. Hapo pa kurudi ndipo wengi hupasahau.

Dhana: Wodi ikijaa, huruma haina nafasi.

Haihitaji muda wa ziada, inaingia ndani ya kazi iliyopo. Jitambulishe kwa jina ukiwa unarekebisha dripu. Uliza "nini kinakusumbua zaidi leo?" halafu usimkatize. Ukiondoka, taja saa utakayorudi. Ukikwama, tuma mtu amwambie. Kengele iache upande wa mkono unaofanya kazi, kwani aliyepooza kulia hawezi kuita kwa kengele iliyowekwa kulia.