Alama ya methili si kinga ya DNA kila mahali

Wanafunzi wengi wa baiolojia hufundishwa kwamba bakteria huweka alama za methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye DNA yao ili vimeng'enya vyao (protini zinazokata DNA) visiikate, na kwamba inayokatwa ni DNA ya virusi isiyo na alama hizo. Maelezo hayo ni sahihi kwa mifumo mingi, lakini yamezaa imani potofu kwamba alama hiyo ni kinga dhidi ya kila kimeng'enya.

DpnI, kimeng'enya cha bakteria Streptococcus pneumoniae, chatosha kuiondoa imani hiyo. Hutafuta mfuatano wa herufi za DNA GATC na kuukata pale tu adenini yake (herufi A) inapobeba methili. Usipokuwa na methili, hakiugusi. Baadhi ya bakteria wa spishi hiyohiyo wana DpnII, ambacho hufanya kinyume chake kabisa. Katika maabara, plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo) iliyokuzwa ndani ya bakteria E. coli, ambaye huitia methili, ikishanakiliwa kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA, DpnI huikatakata ile ya awali yenye methili na kuziacha nakala mpya, ambazo hazina methili, jambo ambalo lisingewezekana kama imani hiyo ingekuwa kweli.

E. coli naye ana McrBC, kimeng'enya kinachokata DNA yenye sitosini (herufi C) iliyotiwa methili. Asili ya vimeng'enya hivi inaeleweka vyema, kwa maoni yangu, tukivitazama virusi vya bakteria kama T4, ambavyo hutumia sitosini iliyobadilishwa na hivyo kuvikwepa vimeng'enya vya kawaida: bakteria wana vimeng'enya vinavyolenga badiliko hilohilo, nayo T4 hulifunika kwa glukosi ili visilifikie.