Kwa nini tungule ya kwenye ndoo huoza kitako?

Ukiitazama juu, upande wa kikonyo, tungule, yaani nyanya, imejaa, inang'aa, ndiyo kwanza inaanza kuiva. Ukiigeuza, kitako ni cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu cha zamani. Wengi wanaopanda tungule kwenye ndoo hapa Unguja wameliona hilo, tena mara nyingi kwenye kishada cha kwanza, kile kilichosubiriwa kwa hamu.

Mimi niliamini ni ugonjwa. Duka moja la pembejeo liliniuzia dawa ya ukungu, nikapiga, vitako vikaendelea kuwa vyeusi. Baadaye nikasikia tunda limekosa kalsiamu, nikakusanya maganda ya mayai, nikayatwanga kwenye kinu na kuyachanganya na udongo. Msimu ule nao vitako vikaoza vilevile.

Kumbe si ugonjwa. Hapana kimelea kinachoanzisha doa hili, na tunda bovu halimwambukizi jirani yake. Bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, huonekana kwenye majani na shina. Hapa majani hubaki mabichi, na doa huanza pale ua lilipodondokea. Ukungu ukionekana juu yake, umekuja baada ya nyama ya tunda kwisha kufa.

Kosa la maganda lilinichukua muda zaidi kulielewa, kwa sababu lina nusu ya ukweli: kweli kitako hukosa kalsiamu. Lakini udongo wetu mara nyingi haujaikosa. Mashariki na kusini mwa Unguja ardhi ni maweni, mawe ya matumbawe, na matumbawe yenyewe ni kalsiamu kaboneti. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe hayohayo, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa tanuuni. Hata birika linalochemshia maji ya kisima hufanya ukoko mweupe ndani. Ganda la yai ni kitu hichohicho, kiasi cha asilimia 95, tena huyeyuka polepole mno, hasa kwenye udongo wenye chokaa tayari. Kama ndoo umeijaza makumbi matupu au mchanga uliooshwa, hapo huenda kalsiamu imepungua kweli. Kwa udongo wa kawaida uliochanganywa na samadi, si rahisi.

Basi tunda linakosaje kitu kilichopo udongoni? Shida ni njia. Kalsiamu hubebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa na majani. Fikiria utambi wa kandili: mafuta hupanda kwa sababu juu kuna moto unaoyala, na moto ukizimwa nayo husimama. Kwenye mche wa tungule, moto huo ni jani. Lina vitundu vidogo mno vinavyotoa mvuke mchana kutwa, na kila tone linalotoka huvuta jingine chini yake. Ngozi ya tungule haina kitundu kama hicho hata kimoja. Imefungwa kwa nta. Kwa hiyo mkondo hulipita tunda ukakimbilia majani, na kalsiamu huenda nao. Sukari ya kulijaza tunda hupita mirija mingine, inayotoka majanini, na mirija hiyo hubeba kalsiamu kidogo sana. Tena kalsiamu ikishatua kwenye jani haiondoki, hata tunda la pembeni likiwa na njaa.

Kitako nacho kiko mwisho wa bomba. Mtaa ukiwa na bomba moja, msukumo ukipungua nyumba ya mwisho ndiyo hujua mapema, ilhali wa mwanzo bado wanajaza mapipa. Tunda huwa hatarini zaidi katika wiki mbili hivi baada ya ua kugeuka tunda, linapovimba kwa kasi. Kalsiamu ndiyo inayoshikanisha kuta za seli. Ikikosekana, seli huvuja na kufa.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya kila hatua. Kuna matunda yaliyooza kitako yakapimwa na kukutwa na kalsiamu sawa na mazima, ndiyo maana baadhi yao husema mche huelemewa kwanza, kalsiamu ikafuata. Juu ya maji hawagombani.

Na maji ndiyo udhaifu wa ndoo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua hupiga pembeni mwa ndoo, upepo unakausha, na udongo ulioloa alfajiri huwa vumbi alasiri. Ukiuacha siku moja kisha ukaugharikisha, madhara yamekwishatokea. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi huzidisha, kwa kuwa mizizi huyavuta kwa taabu. Mbolea nyingi ya yurea nayo huongeza majani, yaani moto juu ya utambi.

Sasa kila asubuhi natia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, namwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, na siku za kaskazi narudia jioni. Jioni hiyo ina maana: usiku majani hupumzika lakini mizizi huendelea kusukuma maji, na hapo tunda nalo hupata fungu lake. Juu ya udongo nimetandaza makumbi niliyoyaroweka kwanza yakatoka chumvi.

Doa likishatokea haliponi. Lichume tunda hilo, kata kitako, na sehemu iliyobaki nzima itie kwenye mchuzi. Asiyeweza kurudi nyumbani mchana apande zile tungule ndogo za mviringo, za ukubwa wa zabibu. Hizo hazipatwi sana. Ndefu, kama za aina ya Roma, ndizo huumia zaidi.