"Kadi nitaongeza baadaye" na dhana nyingine kuhusu kompyuta za mezani

Kuna sentensi ambayo nimeisikia mpaka naweza kuimalizia mteja kabla hajavuta pumzi: "Fundi, nipe hiyo ex-UK ya bei ya chini, kadi ya grafiki nitaongeza baadaye." Anayeisema kwa kawaida ameshazunguka maduka ya Luthuli na Moi Avenue, Nairobi, siku nzima. Ameuliza bei ya kununua vipande ajiundie kompyuta, akashtuka. Ameona hizo ex-UK, yaani kompyuta za ofisi zilizotumika Uingereza, zimepangwa kama matofali kwa bei anayoiweza. Akapiga hesabu: nunua hii leo, mwisho wa mwezi tia kadi, upate mashine ya gemu au ya kuhariri video kwa nusu ya gharama. Hesabu inapendeza, ila mashine yenyewe haikuulizwa.

Dhana: kompyuta ya ofisi ikishakuwa yako, unaweza kuigeuza chochote kidogo kidogo

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo ndoto nyingi huzimikia. Kompyuta hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Excel, barua pepe na mfumo wa uhasibu. Kampuni inayonunua mia kadhaa kwa mkupuo haitaki kulipia wati isizozitumia, kwa hiyo mtengenezaji huweka pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) inayotosha kazi hiyo na ziada kidogo tu. Dell OptiPlex 7010 lile kasha dogo lina wati 240. OptiPlex 9020 dogo lina 255, na hata lile refu la 9020 linaishia 290. Ukija kwenye 7050 dogo, ambayo ni mpya zaidi, zimeshuka hadi 180, kwa sababu prosesa zenyewe zilipunguza ulaji. Sasa weka mezani RTX 3060, kadi ya grafiki ya Nvidia inayoulizwa na kila kijana. Kadi hiyo peke yake hula wati 170, na Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa mashine nzima. Ni kufunga trela nyuma ya tuktuk.

"Basi nitabadilisha pawa saplai." Jibu hilo halichelewi kamwe. Pawa saplai ya kawaida, ile ya ATX unayoikuta kila duka, huingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, kwa plagi ya pini 24. Fungua OptiPlex 9020 uangalie: pini 8. Fungua HP EliteDesk 800 G1: pini 6. Ndiyo, kuna waya wa kugeuza plagi, na ukiwa mzuri unafanya kazi. Lakini kwenye kasha dogo pawa saplai ya ATX haiingii kabisa, hata ukisukuma kwa goti. Nimeletewa mashine ambayo mwenyewe ameacha pawa saplai nje juu ya meza, kifuniko kimetolewa, waya zimepita ubavuni, na vumbi la barabara inayojengwa nje ya dirisha limejaa mpaka feni ya prosesa haizunguki vizuri. Analalamika kompyuta inajizima. Kwa joto lile hata mimi ningejizima.

Halafu kuna nafasi. Kasha dogo linapokea kadi za nusu urefu tu, zile zinazoitwa low profile. Kadi ya kawaida itachomekwa kwenye tundu lake vizuri sana, utafurahi, kisha utagundua kifuniko hakifungi tena.

Ukishaondoa zote zilizoshindwa, kinachobaki ni kadi zinazokula umeme wa tundu la mazabodi pekee, bila waya wa ziada. Tundu hilo linatoa hadi wati 75. Hapo una GTX 1050 Ti, GTX 1650, na RTX 3050 ya GB 6 ambayo inakula 70. Ni kadi nzuri, sizidharau, na zote zina matoleo ya nusu urefu. Ila hayo matoleo ya nusu urefu ni adimu, na muuzaji anajua ni adimu. Wapo wanaokimbilia RX 6400 kwa sababu ni fupi na inakula wati 53 tu. Mhariri wa video aiepuke: haina sehemu ya kusimba video ya H.264 wala HEVC, kwa hiyo kazi yote ya kutoa video inarudi kwa prosesa uliyotaka kuipumzisha. Isitoshe, inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani njia ambazo kadi huzungumza nazo na mazabodi, na ukiichomeka kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu inayoonekana kwa macho.

Jumlisha sasa. Mashine, kadi adimu, RAM ya kuongeza, SSD badala ya ile diski ya zamani. Umekaribia bei ya kuunda mpya ya kiwango cha chini, na ulichonacho ni 9020 ambayo mazabodi yake inaishia i7-4790 na RAM ya DDR3. Ukitaka kupanda ngazi hapo, hakuna cha kubeba isipokuwa SSD na kadi. Kasha halichukui mazabodi nyingine, pawa saplai haina plagi ya kawaida, RAM haiingii popote. Aliyejiundia anabeba kasha, pawa saplai, diski, feni na kadi kwenda mashine inayofuata, anabadilisha mazabodi, prosesa na RAM tu. Faida ya kujiundia iko hapo, miaka minne mbele. Siku ya kwanza dukani huioni, na ndiyo maana watu hawaniamini.

Sijasema usinunue ex-UK. Nanunua na kuuza nyingi, na zimejengwa vizuri kuliko makasha mengi yenye taa za rangi. Nunua kwa kazi zilizotengenezewa. Na kama lazima uongeze kadi siku moja, chukua kasha refu, lenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, na kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa mwambie muuzaji afungue ubavu. Soma kibandiko cha pawa saplai, hesabu pini, pima nafasi ya kadi kwa futi. Muuzaji akikataa kufungua, jirani yake ana mashine hiyo hiyo.

Dhana: wati 500 ni wati 500

Hii ni dada yake ile ya kwanza, na ndiyo inayoua mashine za kujiundia. Mtu anatumia pesa zote kwa prosesa na kadi, kisha pawa saplai anachukua ile inayokuja bure ndani ya kasha. Mimi huanza na pawa saplai, na mteja asiyetaka hivyo namwambia akaunde kwingine. Geuza kibandiko utafute mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi hulishwa na mstari huo. Nje imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Ndani +12V imeandikwa ampea 18. Zidisha: 12 kwa 18 ni 216. Hizo ndizo wati zako za kweli. Pawa saplai ya maana ya wati 500 itakuwa na ampea 38 na kuendelea kwenye mstari huo. Na uishike mkononi. Nyepesi sana, irudishe.

Dhana: i7 ni i7

Hapana. i7-2600 ni ya mwaka 2011 na ina viini vinne. i3-12100 ya 2022 nayo ina viini vinne, na inaiacha ile i7 mbali sana. Usisome i7, soma namba inayofuata kistari. Tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 6700 ni cha sita. Tarakimu tano, chukua mbili za kwanza: 12400 ni cha kumi na mbili. Kizazi kina uzito sasa kuliko zamani, kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Fundi akikuwekea Windows 11 kwenye kizazi cha nne atakuwa ameruka ukaguzi. Itafanya kazi, mpaka sasisho fulani liamue vinginevyo, na siku hiyo simu yake haitashikwa.

Dhana: kujiundia ni nafuu siku zote

Kwa kuchapa barua, kujaza kodi kwenye iTax, darasa la mtandaoni na duka la kutoa nakala, ex-UK inashinda na haina mpinzani. Ukiwa na elfu ishirini na tano mkononi, usiunde. Tena mashine ya kiwanda iliyotoka na Windows 8 au zaidi huwa na ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi, ilhali unayeunda unapaswa kununua leseni yako. Na dhamana: mashine moja, mlango mmoja wa kugonga. Aliyejiundia ana risiti ya RAM kutoka duka hili, ya mazabodi kutoka ghorofa ya pili kule, na kila muuzaji anasema kilichoharibika ni cha mwenzake.

Dhana: kuunda ni kazi ya mhandisi

Bisibisi ya nyota na subira. Hakuna kuchomelea. Makosa ninayoletewa ni yale yale: karatasi ya plastiki haikubanduliwa chini ya kipoza joto, mazabodi imefungwa moja kwa moja kwenye bati bila zile nguzo ndogo za shaba, waya wa skrini umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi. Na lile la herufi F. Mtu ananunua i5-12400F kwa kuwa ni rahisi kidogo kuliko i5-12400, anaunda bila kadi, anawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. F maana yake haina grafiki ndani. Haijaharibika, haina tu cha kukuonyesha.

RAM, kwa kupita: vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwa sababu grafiki hiyo inaazima RAM na inataka njia mbili za kupitia.

Dhana: pawa saplai nzuri inatosha, UPS ni ya ofisi

Pawa saplai nzuri inavumilia stima inayoyumba. Stima ikikatika kabisa katikati ya kuandika kwenye diski, haina la kufanya. Nunua UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo, ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Na ukiletewa mashine kutoka Marekani, tazama nyuma kabla ya kuchomeka: baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Sisi tuko 240. Ukiichomeka ikiwa 115 utasikia mlio mmoja na harufu ambayo haitoki chumbani hadi jioni.

Ukishaunda na kadi ni nzito, usiipandishe boda kwenda Rongai ikiwa imechomekwa. Fungua skrubu, itoe, ifunge kwenye boksi lake, uibebe mapajani. Tundu la kadi likipasuka kwa matuta, hakuna dhamana inayolipa.