Filamu ya bendi ni nini?

Filamu ya bendi ni filamu ya kuchekesha yenye nyimbo, ambayo wahusika wakuu ni wanamuziki wenyewe, wakiigiza kwa majina wanayojulikana nayo. Tusiichanganye na filamu ya maisha ya msanii, maana ile huigizwa na mtu mwingine na mara nyingi huishia kwenye machozi. Wala si tamasha lililorekodiwa. Hapa watu ni wa kweli, siku zao ndizo za kubuni.

Waingereza waliiweza sana. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni A Hard Day's Night ya The Beatles, bendi ya John, Paul, George na Ringo, ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Richard Lester. Kisa chake unakimaliza kwa pumzi moja: vijana wanne wanapanda treni kwenda London kutumbuiza kwenye televisheni, na babu yake Paul anawavurugia mambo. Basi. Wepesi huo ni wa makusudi. Kampuni ya filamu ya United Artists ilitaka filamu ya gharama ndogo itakayoipa pia albamu ya kuuza, hivyo kisa kikawa kamba ya kuanikia nyimbo.

Lakini itazame pale mwanzo. Mashabiki wanawakimbiza barabarani. George anajikwaa, anaanguka puu, Ringo naye anamwangukia. John anageuka nyuma, anaona, anacheka, na mbio zinaendelea. Anguko lile halikupangwa. Mwongozaji mwingine angesema turudie. Lester aliliacha, na mpaka leo ukiliona unahisi umewakuta wenyewe, si waigizaji.

Halafu kuna pale wanapotoroka mazoezi kwa ngazi ya nje na kwenda kurukaruka uwanjani kama watoto waliofunga shule. Wimbo "Can't Buy Me Love" unasikika, ila hakuna hata mmoja anayeuimba; miili yao inacheza, picha inakatwa kufuata mdundo. Anayetazama video za muziki siku hizi ataitambua mbinu hiyo mara moja.

Spice World ya 1997 ilifuata njia hiyohiyo kwa wasichana watano wa Spice Girls na basi la ghorofa lililopakwa bendera ya Uingereza. Wakosoaji waliiponda, watoto wakajaza kumbi, na mimi niko upande wa watoto. Kuna mahali basi linaruka daraja la Tower Bridge lililofunguka katikati, na unaona wazi kabisa kuwa linaloruka ni kibasi cha kuchezea.