"Inflammable" haimaanishi haiwaki: tahadhari kwa wanaobandika stika za Kiswahili

Katika ukaguzi wa stika za Kiswahili zinazobandikwa juu ya lebo za Kiingereza, kosa moja linajirudia: kopo la tina ya rangi limeandikwa "inflammable", stika inasema "haishiki moto". Sivyo. "Inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja: inawaka upesi. Kinachokanusha ni "non-flammable". Chama cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, kilianza miaka ya 1920 kuhimiza watu watumie "flammable" peke yake ili kuondoa utata huu, na hadi leo tunabishana kaunta. Kwenye lebo mpya, "inflammable" liacheni kabisa.

"Combustible" ndilo lenye kazi. Wauzaji wengi hulisoma kama "haina neno". Kwa vipimo vilivyozoeleka Marekani, kimiminika ambacho mvuke wake hushika cheche chini ya nyuzi 37.8 za Selsiasi ni "flammable"; kuanzia hapo kwenda juu ni "combustible". Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na lebo zake, GHS, huanza kutumia "combustible" baada ya nyuzi 60. Ndiyo maana dizeli ambayo mvuke wake hushika cheche kwenye nyuzi 55 inaweza kufika na neno lolote kati ya hayo mawili, na dizeli ni ileile. Mafuta ya taa yanaweza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 hivi. Stoo ya mabati saa nane mchana hupita hapo.

Kamusi haitakusaidia kuchagua. Fungua karatasi ya usalama ya bidhaa, ile yenye sehemu 16, nenda sehemu ya 9, tafuta "flash point", yaani nyuzi ambazo mvuke huanza kushika cheche. Kwa GHS, ikiwa chini ya 23, andika "highly flammable". Kama pia kinaanza kuchemka kwa nyuzi 35 au chini yake, "extremely flammable". Yote mawili huambatana na "Danger". Kuanzia 23 hadi 60 ni "flammable", na zaidi ya 60 hadi 93 ni "combustible". Haya huambatana na "Warning". "Danger" na "Warning" havikai pamoja kwenye lebo moja. Alama ya mwali hubandikwa kwa madaraja yote isipokuwa "combustible". Kisha linganisha na sehemu ya 2 ya karatasi hiyo, inayotaja hatari za bidhaa. Zikipingana, usikisie: mwandikie mtengenezaji, na mzigo usitoke ghalani kabla hajajibu. Gharama ya kungoja ni ya mwenye mzigo, tunalisema hili kila wiki.

"Non-flammable" nalo lisitafsiriwe "salama". Mtungi wa gesi ya friji aina ya R-134a hubeba neno hilo kihalali kabisa, lakini ukipashwa moto jengo linapoungua, unaweza kupasuka.